Vigeuzi vya Sauti na Hukumu ya Masikio (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi sauti inavyohifadhiwa kwa tarakimu: kwamba santuri ya CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, huchukua vipimo 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa ngazi moja miongoni mwa ngazi 65,536. Leo twaingia katika suala linalowagombanisha wapenzi wa muziki kutoka Maili Moja ya Kibaha hadi vilima vya Kisarawe: je, kigeuzi, yaani kile chombo kinachozirudisha tarakimu hizo ziwe mkondo wa umeme, hupambanuka na mwenziwe kiasi cha mtu aliyeketi sebuleni kwake kuisikia tofauti?

Yafaa ijulikane kwanza kwamba nyumba yenye muziki wa siku hizi haikosi kigeuzi, hata kama mwenyewe hajapata kukisikia. Kimo ndani ya simu, kimo ndani ya deki, kimo ndani ya redio ya sabufa inayosoma flashi, na tangu matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kimo pia katika king'amuzi kilichoingia karibu kila nyumba yenye televisheni. Basi mtu anayezichomoa waya zenye ncha nyekundu na nyeupe kwenye king'amuzi akazichomeka kwenye deki, amekwisha badilisha kigeuzi bila kukusudia. Na aghalabu atakwambia, kwa yakini ya aliyesikia kwa masikio yake, kwamba deki ina sauti nene zaidi.

Sisi hatumkadhibishi, twamwuliza tu kama alizisawazisha sauti hizo mbili kwa nguvu kabla ya kuzihukumu. Deki ya CD kwa kawaida hutoa volti 2 sauti inapofika kileleni, ilhali simu aghalabu hutoa nusu yake au pungufu. Na sikio la mwanadamu, likipewa sauti mbili zilizolingana kwa kila hali ila moja imezidi nguvu kidogo tu, haliitambui ile ziada kuwa ni nguvu bali huiona kuwa ni uzuri, likasema hii ina uhai na ile imefifia. Ukiongeza hapo bei ya chombo na taa zake za buluu, ambazo jicho limekwisha zishuhudia, hukumu hutolewa kabla wimbo haujaanza.

Harry Nyquist mwaka 1928, na baada yake Claude Shannon mwaka 1949, walionyesha kwa hesabu kwamba wimbi likipimwa kwa wingi unaozidi maradufu ya mitetemo yake ya kasi kabisa, laweza kurudishwa kamili. Na maadamu sikio la kijana halipiti mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na la mzee huishia chini ya hapo, vipimo 44,100 vyatosha. Ama ule mchakacho unaobaki chini ya muziki, katika CD uko chini ya kilele kwa desibeli 96 hivi. Chukua wimbo wa dansi wa Mlimani Park uliorekodiwa katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam: mchakacho wa utepe wa zama zile, unaoupita wa kigeuzi kwa mbali, hukufikia kabla gitaa halijalia, na kigeuzi kizuri, kiwe cha bei gani, kazi yake ni kuufikisha kama ulivyo. Na mvua ya masika inapolipiga bati la nyumba ya Kisarawe isiyo na dari, hata mchakacho wa utepe hausikiki.

Majaribio nayo yaelekea huko huko. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walitangaza jaribio ambamo wasikilizaji walipewa muziki wa santuri zenye vipimo vingi kuliko CD, mara ukipita moja kwa moja, mara ukipitishwa katika vigeuzi vya kiwango cha CD, pasipo wao kujua ni upi. Katika majibu 554 walipatia 276. Sarafu ikirushwa ingalitarajiwa kupatia 277. Tofauti ilijitokeza tu pale sauti ilipopandishwa kupita kiasi cha kawaida katika ukimya, mchakacho ukadhihirika.

Hata hivyo kasoro zinazosikika kweli zipo. Simu iliyo kwenye chaja huku imeunganishwa na sabufa mara nyingi huleta mvumo. Chomoa chaja, mvumo wakoma. Hapo sikio limesema kweli, na sababu yake yaonekana kwa macho.

Anayetaka burhani na aitafute nyumbani. Apige mlio mmoja mnene usiobadilika kwa vigeuzi vyote viwili, apime kwa mita ya fundi volti zinazofika kwenye spika, azisawazishe hata tofauti isizidi sehemu moja katika mia. Kisha mwenzake, nyuma ya pazia, arushe sarafu kuamua kipi kilie, mara 16, naye aandike jibu lake kila mara. Akipatia 12 au zaidi tumsadiki, kwani bahati tupu humpa mtu matokeo hayo chini ya mara 4 katika 100. Akipatia 8 au 9, fedha ya kigeuzi kipya aiweke.

Fedha hiyo ina pa kwenda. Nyimbo za MP3 zinazoingizwa kwenye flashi vibandani, zikiwa zimebanwa na kubanwa tena, zimepoteza kitu ambacho hakuna kigeuzi cha kukirudisha. Na spika, pamoja na sebule yenye sakafu ya marumaru na kuta tupu za saruji, hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho hata asiyejali muziki hukitambua. Juma lijalo, inshallah, tutaeleza mahali pa kuiweka sabufa, na kwa nini kuisukuma pembeni mwa ukuta huifanya ingurume.