Nyumba yenye mgeni, isiyo na mwenyeji

Januari 2024 wanawake wawili waliuawa jijini Nairobi katika nyumba za kukodishwa kwa siku, mmoja mtaani South B, mwingine Roysambu, na baina ya kifo cha kwanza na cha pili hazikutimia wiki mbili. Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliingia barabarani, Nairobi na miji mingine, kupinga mauaji ya wanawake. Mjadala ulikuwa mkali, lakini sehemu kubwa ya mawaidha ilielekezwa kwa wanawake wenyewe: wasikutane na wasiowajua, waache taarifa kwa rafiki, wachague mahali penye watu. Ushauri huo una faida yake, ila unamwacha kando mtu mmoja ambaye jukumu lake halikwepeki. Mwenye biashara ya kila nyumba kati ya hizo alikuwa wapi? Nani usiku ule alijua waliolala humo ni akina nani? Naamini usalama wa nyumba hizi unategemea swali hilo la pili kuliko kitu kingine chochote, na kwamba fedha zinazomwagwa kununua vitasa vya kisasa na kamera zinapotea bure pale ambapo hakuna mtu wa kulijibu.

Tuangalie biashara yenyewe inavyoendeshwa Kilimani, Westlands, Roysambu au kule Nyali. Wengi huziita zote Airbnb, jina la kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2008, hata kama nyumba husika haijawahi kutangazwa kwenye mtandao wa kampuni hiyo na wateja wake hupatikana kwa WhatsApp na Instagram. Mara nyingi anayeikodisha si mwenye jumba. Ni mpangaji aliyechukua nyumba kwa kodi ya mwezi, akaitia kochi, kitanda na televisheni, akaanza kuipangisha kwa usiku. Mgeni hulipa kwa M-Pesa, akatumiwa namba za kufungulia kitasa au akaelekezwa kilipo kisanduku cha funguo, akaingia. Akishaondoka, anakuja mama wa usafi. Mwenye jumba anaamini mpangaji wake anawajua wageni. Mpangaji anaamini soja wa getini amewaandika. Soja ameambiwa hao ni wageni wa nyumba namba fulani, anafungua geti. Kila mmoja anamtegemea mwenzake, na mwisho wake hakuna aliyemtazama mgeni usoni. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, walimchukulia mwenyeji kuwa yupo nyumbani. Hapa ameondolewa kabisa, na kuondolewa kwake ndiko kunakotangazwa kuwa ubora wa huduma: utaingia mwenyewe, hutasumbuliwa na mtu.

Wanaotetea vifaa watasema kamera inaona kila kitu. Kweli inaona. Katika tukio la South B, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, kamera za jengo ziliwanasa marehemu na mtuhumiwa wakiingia pamoja, na mtuhumiwa huyo alikamatwa upesi. Picha za namna hiyo ni msaada mkubwa kwa upelelezi na kwa mahakama. Kwa marehemu hazikuwa msaada wowote. Wala kitasa, hata kiwe cha chuma cha namna gani, kisingemwokoa, kwa sababu hakuna mlango uliovunjwa. Aliyetuhumiwa aliingia kama mgeni.

Udhaifu huu si wa Nairobi peke yake. Usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba 2019, watu watano waliuawa kwa risasi mjini Orinda, California, katika nyumba iliyokodiwa kupitia Airbnb. Aliyeikodi alidai anawatafutia jamaa wenye pumu mahali pa kukimbilia moshi wa moto wa nyika. Kumbe ilikuwa karamu iliyokusanya zaidi ya watu 100. Mwenye nyumba alidokezwa na majirani, akatazama kamera ya kengele ya mlangoni, akaona watu ni wengi kuliko alivyoambiwa, na polisi wakaitwa. Risasi zililia kabla hawajafika. Kamera ilifanya kazi yake barabara. Kilichokosekana ni mtu wa karibu mwenye mamlaka ya kusimama mlangoni umati ulipoanza kuingia na kusema hapana. Kwetu kuna pia shida ya umeme. Mwaka 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima mwezi Agosti, ikapotea tena Novemba na Desemba. Kamera inayotegemea umeme wa ukutani, bila betri ya akiba, hupofuka saa ile ile giza linapoingia.

Tufanye nini basi? Gesti za zamani zina funzo tulilolidharau. Pale mapokezi palikuwa na daftari kubwa: jina, utokako, uendako, saa ya kuingia, sahihi. Atakayepinga atasema majina mengi mle yalikuwa ya uongo, na atakuwa amesema kweli. Lakini leo mwenye nyumba ana njia ya kuulinganisha uongo huo na ukweli ambayo mhudumu wa gesti hakuwa nayo. Malipo ya M-Pesa huja na jina la aliyesajili laini. Kitambulisho kina jina na picha. Mgeni ana uso. Aliyelipa, aliyepatana bei na aliyefika mlangoni wakiwa mtu mmoja, kazi imekwisha kwa dakika mbili. Wakiwa watu watatu, hapo ndipo pa kuuliza kabla funguo haijatolewa. Pengine sababu ni njema, mwajiri amemlipia mfanyakazi wake au kaka amemlipia dada yake. Hilo huelezeka kwa simu moja. Asiyeweza kulieleza asipewe nyumba. Na lisiloepukika ni hili: kila atakayelala humo aandikwe, si yule aliyelipa tu. Mgeni wa mgeni ndiye anayesahaulika, na katika nyumba hizi huyo anaweza kuwa mhalifu au anaweza kuwa yule atakayedhurika. Mengine ni ya kawaida. Namba za kitasa zibadilishwe kila mgeni anapoondoka, kwa maana funguo ya chuma huchongwa nyingine kwa fundi yeyote wa mtaani, na namba isiyobadilika haina tofauti na funguo iliyogawiwa mtaa mzima.

Pingamizi zito kuliko yote ni la faragha. Wako wanaochagua nyumba hizi kwa sababu hawataki kuonekana, na si wote wana nia mbaya. Mtu anaweza kuwa anamkimbia mume anayempiga, au anataka utulivu tu. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inambana anayekusanya taarifa za watu. Lakini sheria hiyo haikatazi kuuliza jina la mgeni. Inataka uwe na sababu, uzitunze taarifa vizuri, usizitumie kwa jambo jingine. Kosa liko kwa anayepiga picha kitambulisho cha mgeni akairusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wake. Kuwa na siri na kutojulikana kabisa ni mambo mawili. Mke anayejificha ana haki ya siri, yaani daftari lisionyeshwe mtu anayekuja kumtafuta. Na huyo huyo ndiye anayehitaji zaidi kwamba atakayekuja kumtafuta asipite getini bila kuulizwa. Kwa hiyo nakubaliana na Airbnb ilipopiga marufuku kamera zote za ndani ya nyumba duniani kote kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, ikaruhusu za nje zilizotangazwa kwa mgeni. Mlangoni pa kuingilia ndipo pa kumjua mtu. Akishaingia, maisha yake ni yake.

Pingamizi la pili ni gharama. Mwenye nyumba moja Roysambu hawezi kuajiri mtu wa mapokezi usiku kucha. Jiji la New York, kuanzia Septemba 2023, linamtaka mwenyeji awe anaishi na kuwepo katika nyumba hiyo mgeni akikaa chini ya siku 30, na wageni wasizidi wawili. Sheria ile ilisukumwa zaidi na uhaba wa makazi kuliko hofu ya uhalifu, na sidhani Nairobi inahitaji kufika huko. Nyumba kumi za siku ndani ya jumba moja zinaweza kuchanga kumlipa mtu mmoja wa kupokea wageni wote na kuitika simu usiku wa manane. Baada ya mauaji ya Januari 2024, Mamlaka ya Kudhibiti Utalii iliwataka wanaoendesha nyumba hizi wajisajili chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Ni hatua ya haki, lakini cheti cha usajili kinaitambulisha nyumba kwa serikali. Hakimtambulishi mgeni kwa mtu yeyote. Usajili ungekuwa na maana zaidi kama ungemlazimisha mwombaji ataje jina na simu ya mtu anayeweza kufika mlangoni kwa miguu.

Mtu huyo mara nyingi yupo tayari, ila hajapewa kazi hiyo. Katika majengo mengi ya Nairobi kijana anayeleta chakula kwa pikipiki huandikwa jina, namba ya simu na namba ya nyumba aendayo kabla hajapanda ngazi, ilhali anayekuja kulala siku tatu hupita kwa kutaja namba ya nyumba peke yake. Soja hajapewa orodha ya wageni wa leo, hajaambiwa wako wangapi, wala hana simu ya kumpigia mpangaji wakija watano badala ya wawili. Daftari liko mezani pake, na mstari unaofuata jina la yule kijana wa pikipiki bado ni mtupu.