Chia Babu Kubwa, Lakini Ufuta Je?

Kina dada wa mjini siku hizi huwaambii kitu kuhusu chia. Kijiko kwenye juisi, kijiko kwenye mtindi, na mapozi juu! Sasa ndugu yao aliyeko Mchombe, kwenye mpunga wa bonde la Kilombero, anajiuliza: hivi mie na wali wangu nimeshapitwa?

Tuseme ukweli kwanza. Chia, mbegu yenye asili ya Mexico ambayo siku hizi inalimwa hata Kagera na Uganda, si mchezo. Gramu 100 zina nyuzinyuzi kama gramu 34 na protini 17. Wali mweupe wa uzito huo haufikishi hata gramu moja ya nyuzinyuzi, maana pumba zote zimebaki mashineni na wanaofaidi ni kuku. Kwa hiyo wewe unayeamkia kiporo, mchana wali na usiku wali, halafu unalalamika choo kigumu, chia itakufaa.

Ila bwana, kuna ufuta, na huo unalimwa humo humo bondeni. Ukiwa na ganda lake, gramu 100 zina kalsiamu miligramu 975 hivi. Chia inaishia 631. Kwenye madini ya chuma ndiyo usiseme: ufuta miligramu 14, chia haifiki 8. Ukaange kidogo, utwange, unyunyize kwenye mchicha na kukamulia ndimu, chuma kiingie mwilini vizuri. Usipoutwanga, mbegu nyingi zitatoka kama zilivyoingia! (Mwenye mzio wa ufuta asijaribu, hata kwenye kashata. Na anayehisi kupungukiwa damu aende zahanati akapimwe.)

Mashabiki wa chia watakuja na omega-3, yale mafuta mazuri kwa moyo. Ni kweli chia inayo tele na ufuta hauna kitu hapo. Lakini ya chia lazima mwili uyageuze kwanza, na unageuza kidogo mno. Samaki anakuletea yakiwa tayari, na Mto Kilombero una perege na kambale.

Ukiitaka chia hata hivyo, kula, ila usiibwie kavu. Hunywa maji takriban mara kumi ya uzito wake. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za jamaa aliyemeza kijiko kikavu akashushia maji; ikamvimbia kooni, ikabidi atibiwe hospitali. Iloweke robo saa kwanza.