Shahidi Mmoja Hatoshi: Namna Tafiti za Tiba Zinavyopimwa kwa Pamoja

Mara nyingi waamini hutuuliza kuhusu dawa walizosoma habari zake kwenye simu, zikisindikizwa na maneno "utafiti umethibitisha". Yafaa tujiulize: ni utafiti mmoja, au tafiti zote? Sheria ya Musa haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Sayansi ya tiba nayo imejifunza busara hiyo, tena kwa gharama kubwa.

Mwaka 1972, madaktari Liggins na Howie wa New Zealand walieleza kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akichomwa sindano ya dawa aina ya kotikosteroidi, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Majaribio mengine yakafuata. Machache yalionyesha faida waziwazi. Mengine, kwa kuwa yalihusisha akina mama wachache, hayakutoa jibu la hakika. Madaktari wengi wakasita. Hadi mwaka 1989 ndipo yalipochapishwa mapitio yaliyoyapima yote pamoja, na jibu likawa wazi: dawa hiyo huokoa watoto. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa limetawanyika maktabani, huku watoto wakifa.

Kazi hiyo huitwa mapitio ya kimfumo. Watafiti hutangulia kuweka swali, kisha hutafuta tafiti zote zinazolihusu, hata zenye matokeo yasiyopendeza, na kukagua ubora wa kila moja. Matokeo yakiwa ya namna inayolingana, huunganishwa kwa hesabu iitwayo uchanganuzi-meta, ambamo utafiti wenye taarifa nyingi hupewa uzito zaidi. Hata hivyo, tafiti mbovu zikijumlishwa hazizai ukweli.

Shirika la Cochrane, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993 kwa ajili ya kazi hii, limeweka katika nembo yake mchoro wa majaribio saba ya dawa hiyo, kila jaribio kwa mstari wake. Nyuma ya kila mstari wako akina mama na watoto wao, kila mmoja ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Basi, kabla ya kusambaza habari ya tiba katika jumuiya zetu ndogo ndogo, tuulize ni mashahidi wangapi wameisema na kama walipimwa, na tupate ushauri wa daktari. Kuutafuta ukweli wote ni namna mojawapo ya kumpenda jirani.