Dhiraa Saba za Njia

Sisi watu wa pwani tukisikia habari za bara, hudhani huko ardhi ni tele, mtu ajijengee apendapo. Nami nilikuwa na dhana hiyo, mpaka nilipokwenda kumzuru sahibu yangu wa zamani, mzee wa Kiwanga tuliyesoma naye chuoni Lamu ujanani. Kwake ni nje kidogo ya mji wa Mumias, Kakamega.

Mumias si pageni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya babu zetu ilipumzika hapo ikielekea Uganda, na wengi katika jamaa za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, waliupokea Uislamu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia kuu ikahama, Mumias ikabaki kando.

Watu lakini hawakuhama. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta Kakamega watu 1,867,579, yaani watu 618 kwa kila kilomita moja ya mraba. Lamu, ambayo kwa eneo ni kama Kakamega mbili, ilikuwa na watu 143,920 tu. Watu 23 kwa kilomita hiyo hiyo. Tena Lamu mwenye mashua ana njia, kwani bahari haina ua. Kakamega njia hupita kando ya shamba la mtu, na shamba hilo baba huwagawia wanawe, nao huwagawia wao, hata kila mstari wa mahindi ukawa na thamani. Hapo ndipo ujia unapoanza kuliwa.

Kijana wa bodaboda alinishusha mbali na nyumba. "Mzee, mwisho wangu ni hapa. Mbele hakupitiki." Nikashika mkoba, nikapita upande upande baina ya miwa na mahindi.

Usiku wa pili mvua kubwa ilinyesha, na mke wa mjukuu wa mwenyeji wangu akashikwa na uchungu. Pikipiki ilipigiwa simu, ikasimama kule kule barabarani. Vijana wanne wakamlaza mama kitandani, wakakiinua, kitanda hakikupenya. Basi wakaikanyaga miwa ya jirani. Jirani akatoka na panga, akipiga kelele. Alipomulika taa akamwona aliye kitandani, akalitupa panga, akashika mguu mmoja wa kitanda. Alfajiri tukapata habari: mtoto wa kike, na mama yake salama, alhamdulillahi.

Asubuhi wazee wakakaa chini ya mwembe. Jirani akasema, "Mimi nina ekari moja na wana watano. Nikitoa njia, wao niwape nini?"

Hakuna aliyecheka, maana neno lake lilikuwa la kweli.

Sahibu yangu akamjibu, "Ndugu yangu, na hao watano watatokea wapi? Mimi nami nina kosa. Mahindi yangu yameula ujia huu upande wangu." Kisha akanigeukia. "Maalim, chuoni tulifundishwa nini?"

Nikakumbuka. Tulifundishwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamua kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, iachwe dhiraa saba. Jirani, naye ni Mkristo, akauliza dhiraa ni kiasi gani. Nikamwonyesha: toka kisigino cha mkono hata ncha ya kidole. Akasema hilo ni neno la haki, ila kila mmoja atoe nusu. Wakapima tatu na nusu huku, tatu na nusu huku. Mahindi ya sahibu yangu yalikuwa ya kwanza kung'olewa.

Siku ya kuondoka kwangu, pikipiki ilinifuata mpaka mlangoni.

Ewe msomaji, na sisi tunaosogeza baraza na kuta zetu vichochoroni, mwaka huu shubiri, mwaka kesho shubiri, tupime. Anayewagawia wanawe ardhi na aihesabu njia kuwa mtoto mmojawapo, aipe fungu lake kwanza.