Makupa: Jaa Limefungwa, Risasi Imo Topeni

Anayevuka Makupa siku hizi kutoka kisiwani Mombasa kwenda Changamwe hapokelewi tena na moshi wa jaa la Kibarani. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale, ukingoni kabisa mwa maji, na kuchomwa papo hapo. Jaa limefungwa na miti imepandwa juu yake. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya badala ya tuta la enzi za ukoloni lililoziba mkondo, na maji yakapata njia.

Kazi hiyo inastahili sifa, ila bado haijafika chini.

Maganda na mabaki ya chakula huoza yakaisha. Risasi ya betri na rangi kuukuu haiozi, wala kadimiamu, zinki na shaba. Mvua huziosha kutoka kwenye taka na kuzitupa mkononi mwa bahari, zikatulia topeni. Watafiti waliopima tope la mkono wa Makupa na la mkono wa Port Reitz walizikuta metali hizo, na hali ya Makupa ilikuwa mbaya zaidi.

Tope hilo la mikokoni ni jeusi na linanuka yai bovu. Harufu hiyo hutokana na salfa, na salfa ndiyo inayozinasa metali zisiyeyuke kwa urahisi. Mikoko nayo husaidia: mizizi yake hulishika tope lisichukuliwe na maji, na sehemu kubwa ya metali inayofyonzwa hukomea mizizini, kidogo tu ikifika majanini. Mikoko ikikatwa au tope likichimbuliwa, hewa huingia, kifungo hulegea na sumu hurudi majini.

Hapo ndipo chaza anapohusika. Hujishikiza kwenye mizizi ya mikoko akichuja maji kutwa kucha, na metali anazochuja hubaki nyamani mwake. Kumchemsha hakuondoi risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, ambao ubongo wao ungali unakua.

Kwa hiyo wavuvi wa Makupa wanastahili zaidi ya miti iliyopandwa juu ya jaa. Tope, kaa na chaza vipimwe kila mwaka, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili pale wanapopimia samaki. Mradi wowote wa kuchimba mkono huo usianze kabla ya vipimo hivyo kusomwa mbele yao.