Saa ya Kifurushi Haisimami

Stima ikipotea Gatwekera, Kibera, tokeni hazipotei nayo. Mita hunyamaza, na taa zinaporudi mwenye chumba huzikuta yuniti zake pale pale alipoziacha. Kwenye kioski cha maji mambo ni hayo hayo: mtungi wa lita 20 hulipiwa ukijaa, na bomba likikauka hakuna anayetozwa kwa kupanga foleni tu. Intaneti ya nyumbani haifuati desturi hiyo. Kifurushi cha siku 30 huanza kuhesabu mara malipo ya M-Pesa yanapoingia, na hakiachi kuhesabu hata taa ya ruta ikikaa nyekundu siku mbili mfululizo. Kile cha saa moja, kinachouzwa mtaani kwa shilingi chache, ni kikali zaidi, kwani mtandao ukilala dakika 40, dakika 40 zimeliwa. Malalamiko ya wakazi wa Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kuhusu intaneti inayosuasua huelezwa kwa kawaida kama suala la spidi au la bei. Hoja ya makala haya ni kwamba mzizi wake ni hiyo saa. Mfumo wa lipa kwanza ndio ulioifanya intaneti ifikike kwa mwenye kipato kidogo. Ni mfumo huo huo uliomtwika hasara yote ya mtandao kukatika, huku muuzaji akibaki bila uchungu wa kumsukuma kununua betri au kuvuta laini ya pili.

Kwanza tuondoe dhana kwamba nchi ina uhaba wa mtandao. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS, inayotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, na SEACOM. EASSy ikafuata 2010, kisha LION2, DARE1 na PEACE. Bei ya jumla ikashuka, na ushindani ukahamia majumbani: Zuku, Faiba ya Jamii Telecommunications, na Safaricom, ambayo iliingia rasmi katika faiba ya nyumbani 2017 na sasa ina takriban theluthi moja ya wateja wa soko hilo. Hata hivyo nyaya zilifuata mifuko. Safaricom ilipoongeza spidi Septemba 2024, kifurushi chake cha chini cha faiba kilikuwa Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi, pesa zinazokaribia kodi ya chumba cha mabati. Pengo hilo ndilo lililoipa nafasi Poa Internet, ambayo iliifanya Kibera kuwa miongoni mwa mitaa yake ya kwanza, ikauza intaneti isiyo na kikomo kwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa kutumia minara ya redio. Mwaka 2022 ilipata mtaji wa dola milioni 28 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na Africa50. Wenye mtaji mkubwa hawaendi mahali wasipoona wateja.

Wateja nao wana sababu ya kuacha bando za simu. Kwa kifurushi cha siku cha takriban shilingi 100 kwa GB 1, shilingi 1,500 hununua GB 15. Video ya ubora wa kati inaweza kumaliza karibu GB 1 kwa saa, maana yake familia yenye watoto wawili wa shule huzimaliza GB hizo kabla ya wiki mbili. Kwa hiyo anayesema wakazi wa mitaa hii wangeridhika na bando za simu anawaambia walipe zaidi wapate kidogo. Soko limewajibu kwa njia yake. Pembeni mwa kampuni kubwa wamechipuka watoa huduma wadogo, wengine wakiwa na leseni na wengine bila. Mmoja hununua laini moja ya faiba, hufunga antena juu ya paa la nyumba ya mawe iliyo karibu, huwalipa wenye paa kodi kidogo, kisha huwagawia majirani kwa redio au kwa waya unaopita juu ya mabati hadi kwenye tundu lililotobolewa ukutani. Waya huo una sababu yake: ukuta wa mabati huzuia mawimbi, hivyo ruta iliyo nje haimfai aliye ndani.

Hesabu ya biashara hiyo ni nyepesi. Tuseme mtu amenunua Mbps 100 na kuwauzia majirani 60, kila mmoja akiahidiwa "hadi Mbps 5". Ameuza Mbps 300 alizo nazo theluthi tu. Kugawana huko si wizi. Kampuni zote duniani hufanya hivyo, kwa kuwa wateja hawatumii wote kwa wakati mmoja. Saa nne asubuhi, wengi wakiwa kazini Industrial Area au kwenye mijengo ya Kilimani, walio nyumbani hupata Mbps 5 zao bila shida. Kuanzia saa moja jioni hadi saa nne usiku, nusu ya nyumba zikifungua video, kila moja hubaki na Mbps 3 na ushee, na zikifungua zote hazifiki hata Mbps 2. Neno dogo "hadi" ndilo linalobeba mkataba wote. Linasema huduma haitapita hapo, wala halisemi haitashuka chini ya wapi.

Mitaa hii miwili hutajwa pamoja kana kwamba shida yake ni moja, kumbe ardhi imeitofautisha. Sehemu kubwa ya Kibera imesimama juu ya ardhi ya serikali, na mwenye banda hana hati. Julai 2018 matingatinga yaliangusha mabanda, shule na makanisa kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakakosa makao. Mwekezaji anayekumbuka siku zile hafukii waya ardhini. Hufunga redio awezayo kuihamisha. Gharama ya woga huo ni huduma inayotikiswa na upepo, mvua na kila ghorofa jipya linaloziba njia kati ya antena mbili. Kawangware, kinyume chake, ina ploti nyingi za watu binafsi, na nyumba za kupangisha za ghorofa zinapanda kila mwaka. Faiba hufika hadi kwenye ngazi. Huko kizingiti ni mwenye jengo, kwani yuko anayemruhusu mtoa huduma mmoja pekee kuingia, na mpangaji akichoka naye ni lazima ahame chumba ndipo ahame mtandao. Wadi ya Kawangware iko katika eneo bunge moja na Kileleshwa, yaani Dagoretti Kaskazini, lakini Kileleshwa mpangaji huulizwa anataka kampuni gani.

Sasa tutazame kinachokata mtandao wenyewe. Habari kubwa huwa ni za baharini, kama zile za 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na nchi nzima ikahisi. Ajali za aina hiyo hazitokei kila mwezi. Tena nyaya nyingine hubeba sehemu ya mzigo, na video nyingi zinazotazamwa zaidi huhifadhiwa kwenye seva zilizoko hapa hapa Nairobi. Kinachomkera mteja wa Laini Saba, Kibera, kila mara kiko mita mia chache kutoka kwake: transfoma iliyozidiwa na miunganisho ya wizi iitwayo sambaza, nguzo iliyogongwa, waya uliokatwa na fundi wa maji, antena iliyogeuzwa na upepo. Stima ndiyo mkosaji mkuu, kwa sababu ikizimika hukata ruta ya mteja na mnara wa mtaa kwa pamoja. Kukatika kwa stima nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023 kulifika hadi uwanja wa ndege wa JKIA, ila mtaani giza la aina hiyo halingoji habari za taifa. Dawa inajulikana: betri kwenye mnara, laini ya pili kutoka kwa muuzaji tofauti wa jumla, na fundi anayelipwa mshahara badala ya kuitwa kwa kibarua. Kila moja inagharimu pesa, na hapo ndipo saa ya kifurushi inapoingia. Muuzaji aliyekwisha kupokea shilingi 1,500 hapotezi hata senti mnara ukilala. Akinunua betri, pesa inamtoka. Asiponunua, hakuna inayomtoka. Mfanyabiashara mwenye akili timamu, hata akiwa mwema, ataikawiza betri.

Hasara huwa imeshakwenda kwa wengine. Mwenye saiba kando ya Kibera Drive hutegemea sana wiki ya mwisho ya Juni, watu wanapokimbilia kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Siku moja bila mtandao wiki hiyo haifidiwi na siku tatu za Julai. Kijana anayefanya kazi za kuandika au kunukuu sauti mtandaoni hupewa muda, na mteja wake aliye ng'ambo hajui transfoma ya Lindi, Kibera. Ndiyo maana wengi wao hulipia mara mbili: waifai ya mwezi, pamoja na bando la simu la dharura. Ukijumlisha hayo mawili, ile bei nafuu si nafuu tena.

Yako mapingamizi matatu yenye uzito. La kwanza ni la soko: mteja asiyeridhika ahamie kwingine, ushindani utamtandika mzembe. Lingekuwa na nguvu kama kuhama kungekuwa rahisi. Kawangware kuna mwenye jengo, na Kibera kuna gharama ya kufungiwa upya. Isitoshe, watoa huduma wawili waliopakana wanaweza kuwa wananunua kwa muuzaji yule yule wa jumla, hivyo anayemwacha mmoja na kwenda kwa mwingine hubadilisha risiti tu. Zaidi ya hayo, pesa ya mwezi imeshalipwa, na kuhama katikati ni kuiacha.

Pingamizi la pili ni kwamba fidia itapandisha bei na kuwaua wadogo. Tuipige hesabu. Siku moja ya kifurushi cha shilingi 1,500 ni shilingi 50. Mwenye wateja 60 akilala siku nzima anadaiwa siku 60 za huduma, sawa na shilingi 3,000, na hazitoi mfukoni; anasogeza mbele tarehe ya kwisha kwa kifurushi. Mitambo inayouza vocha za saa tayari inajua nani yuko hewani na nani hayuko, kwa hiyo kusimamisha saa ni suala la mpangilio wa programu. Baada ya siku mbili tatu za namna hiyo, betri itaanza kuonekana rahisi. Hilo ndilo lengo.

La tatu ni la haki: kwa nini muuzaji mdogo aadhibiwe kwa kosa la mwenye stima au la nanga ya meli iliyokata waya baharini? Jibu liko kwenye kioski cha maji. Mchuuzi hana lawama bomba la mjini likikauka, wala haombi pesa ya mtungi mtupu. Kosa la nani ni swali moja, na huduma imetolewa au la ni lingine. Anayestahili kumlalamikia muuzaji wa jumla ni muuzaji mdogo, akidai laini yake nayo ihesabiwe kwa siku ilizofanya kazi. Leo mnyororo huo unaishia kwa mpangaji, ambaye hana wa kumpitishia mzigo.

Wako pia wanaosubiri mbingu. Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023 na ikaleta hadi kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300. Lakini Novemba 2024 ilisitisha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi kwa kuwa uwezo wake hapa ulikuwa umejaa. Setilaiti nayo hugawanywa, na inahitaji sahani yenye anga wazi pamoja na stima ya kuiwasha, vitu viwili vilivyo adimu kwenye kichochoro.

Mamlaka ya Mawasiliano ina njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kuwasaka wasio na leseni, kwani Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inakataza kuuza huduma bila kibali. Msako pekee utawaacha wateja gizani. Ya pili imeshajaribiwa: mwaka 2021 Mamlaka iliweka utaratibu mwepesi wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na jamii, ya aina ya TunapandaNET inayounganisha shule na vituo vya vijana Kibera. Ngazi kama hiyo ingefunguliwa kwa wafanyabiashara wadogo, kwa ada ndogo na sharti moja la kwanza: huduma ikilala, saa ilale. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na sharti hilo lingeipa haki hiyo kipimo. Kusuasua kwa jioni ni kugumu zaidi kupima kuliko kukatika, kwa hiyo kungefuata baadaye, kwa kumtaka kila muuzaji aandike kando ya "hadi" spidi ambayo hatashuka chini yake saa mbili usiku.

Hata bila sheria, yeyote anaweza kuanza kesho. Katika soko ambamo wote wanauza Mbps zile zile kwa bei ile ile, wa kwanza kutangaza kwamba siku iliyokufa hailipiwi atakuwa na kitu ambacho jirani yake hana, na wateja hawatahitaji maelezo marefu. Anayelipia saa moja ya waifai Kabiro, Kawangware, ametoa pesa ya dakika 60, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikagua.