ATICHOKI HUTAKA BARIDI

Wakulima wa skimu, hasa wa Bonde la Lambwe, huulizia mboga iitwayo atichoki, ambayo mbegu zake huuzwa katika pakiti zenye picha nzuri. Kabla hujatoa fedha yako, soma kwanza habari hizi.

Atichoki ni mmea wa jamaa ya mbigili. Asili yake ni nchi za kandokando ya bahari ya Mediteranea, na hata leo Italia hulima nyingi sana. Hailiwi jani wala mzizi; huliwa kitumba cha ua kabla hakijafunguka. Basi mmea usiotoa kitumba ni hasara tupu, na hapo ndipo penye shida yetu.

Katika nchi za baridi, mbegu hupandwa ndani ya nyumba majuma 8 hadi 10 kabla ya barafu kwisha, mahali penye joto la digrii 20 hivi za Selsiasi. Miche ikiisha kupata majani machache, hupelekwa penye baridi chini ya digrii 10, lakini pasipo barafu, kwa siku 10 au zaidi. Mche hudhani kwamba umekwisha pita majira ya baridi, nao hutoa vitumba mwaka huo huo. Ukikosa baridi hiyo, huota majani tu.

Sasa tazama kwetu. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na usiku wa Homa Bay ni wa vuguvugu. Mbegu itaota, naam, na majani yatakuwa makubwa ya kupendeza. Lakini kitumba utakingoja mpaka uchoke. Watu wa Migori wenye jamaa huko juu Kisii wanaijua pareto: kwenye baridi ya milimani hujaa maua, lakini ikiteremshwa kwenye joto hupunguza maua na kuzidisha majani. Pareto na atichoki ni ukoo mmoja, na tabia ni hiyo hiyo.

Iko aina iitwayo Imperial Star, iliyozalishwa California ili itoe vitumba mwaka wa kwanza kwa baridi kidogo. Kidogo si hakuna. Anayetaka kujaribu na apande miche 10 karibu na maji, mita 1 kila upande, kwa samadi nyingi, wala asing'oe hata mstari mmoja wa mahindi kwa ajili yake. Tena aulize kwanza nani atainunua, maana katika soko la Ndhiwa si chakula cha desturi.

Ndugu yake asiyetaka baridi ni alizeti. Panda mvua ianzapo, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mimea. Utavuna baada ya miezi 4 hivi. Mafuta ni ya nyumbani au ya kuuza, na mashudu ni ya ng'ombe. Adui mkubwa ni ndege, kwa hiyo majirani wapande siku zilizokaribiana, wasije wakashukia shamba la mtu mmoja.